Ulimwengu Upi?

Swali lilitoka dawati la nyuma, karibu na dirisha. Nilikuwa nimealikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Tanga, na nilikuwa nimeandika ubaoni maneno mawili niliyodhani hayahitaji maelezo: *Ulimwengu unapanuka.* Msichana mmoja akanyoosha kidole, akasimama, akasema: "Samahani, mwalimu. Kama ulimwengu unapanuka, mbona kutoka hapa mpaka Muheza ni kilomita zile zile?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilikuwa zuri kuliko mada yangu yote ya asubuhi ile.

Upande wa fizikia jibu lipo, na si gumu. Kinachopanuka ni nafasi iliyopo kati ya makundi makubwa ya galaksi. Mahali ambapo vitu vimeshikana kwa nguvu nyingine, upanukaji hauna la kufanya. Barabara ya Muheza imeshikwa na mwamba, mwamba umeshikwa na mvutano wa Dunia, Dunia imeshikwa na Jua, na Jua limeshikwa na galaksi yetu, Njia Nyeupe. Hata galaksi kubwa iliyo jirani yetu, Andromeda, haituachi. Inatujia, na Njia Nyeupe nayo inaiendea, zikikaribiana kwa mwendo wa kilomita 110 hivi kila sekunde. Ni mpaka uvuke ujirani huo ndipo uone kila kundi likiachana na jenzake.

Lakini nilipokuwa njiani kurudi mjini niligundua kwamba nilikuwa nimejibu nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa ya lugha. Mimi nilisema *ulimwengu* nikimaanisha jumla ya vyote, pamoja na galaksi ambazo hakuna mtu atakayezifikia. Yeye alisikia *ulimwengu* kama alivyolisikia kwa bibi yake: hapa tunapoishi, penye watu na barabara ya Muheza. Hakukosea. Neno ni lile lile, na bibi alikuwa nalo kabla ya mwanaastronomia.

Basi kabla sura zinazofuata hazijaanza kutaja miaka na masafa, lazima tulikalishe chini neno hili tulihoji.

Anza na methali anayoijua kila mtoto: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika methali hiyo hamna nyota hata moja. Ulimwengu unaofunza ni mwenye nyumba anayedai kodi, ni bosi asiyekubali udhuru, ni rafiki uliyemkopesha akabadilisha njia ya kurudia nyumbani. Ni watu na mambo yao. Na Kiswahili hakikuishia hapo. Kimelichukua shina lile lile na kulitembeza katika ngeli. Watu hao wakawa *walimwengu*, wale ambao hawana jema, ukinyamaza wanasema na ukisema wanasema. Mambo yao yakawa *malimwengu*. Mzee akisema ameyaona malimwengu, hasemi kwamba aliwahi kuchungulia kwenye darubini. Anasema ameishi, amepata na amekosa, na hashangazwi tena kwa urahisi.

Washairi wa pwani walilitumia neno kwa uzito huo huo. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe na kuuliza unauona nini ulimwengu huu hata uuandame. Anaufananisha na bahari iliyochafuka, yenye miamba ya kupasulia vyombo, kisha anauonyesha moyo majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, sasa yamekuwa makao ya popo. Ulimwengu wake una ukubwa wa maisha ya mwanadamu, kuanzia karamu mpaka kaburi. Hauna haja ya kuwa mkubwa zaidi ili kazi yake itimie.

Jirani yake *dunia* ana hadithi nyingine. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, na kwao *dunya* ni kilicho karibu, kilicho chini: maisha haya ya sasa, yakilinganishwa na akhera inayokuja. Kwa asili yake, basi, halikuwa jina la tufe linalolizunguka Jua. Lilikuwa karibu na neno la wakati kuliko la mahali, na ndiyo maana mpaka leo aliyefariki tunasema ameiaga dunia, ilhali mwili wake tumeuzika ndani ya sayari ile ile. Maana ya sayari ni mgeni aliyekuja baadaye, pamoja na ramani na vitabu vya jiografia, akakaribishwa na kukaa moja kwa moja. Katika kitabu hiki nimefanya uamuzi, na msomaji anaweza kunidai niufuate: Dunia kwa herufi kubwa ni sayari yetu, ulimwengu ni vyote.

Wapo watakaosema ningetumia *mbingu na nchi*, kama Biblia ya Kiswahili inavyofungua kitabu cha Mwanzo, au *mbingu na ardhi*, kama tafsiri za Kurani zinavyosema. Ninaipenda jozi hiyo. Kiebrania cha kale hakikuwa na neno moja la kubeba vyote, kwa hiyo kilitaja cha juu na cha chini na kumwachia msikilizaji ajaze kilicho katikati. Ni njia ya haki ya kusema "kila kitu" bila kujidai kwamba umekiona chote. Wagiriki walisema *kosmos*, neno lililomaanisha mpango na pia pambo, na Warumi wakasema *universum*, vitu vilivyogeuzwa kuwa kimoja. Neno la Kirumi ndilo lililozaa maneno ya Ulaya ya leo, nalo linabeba dai zito: kwamba vyote ni kimoja. Dai hilo litatusumbua mbele.

Kuna maana moja isiyo na anga wala watu maalumu, nayo tunaitumia kila siku bila kuipa jina. Panda daladala. Konda anapita katikati akichezesha sarafu mkononi, anauliza: "Kuna mtu bado?" Unajibu kwamba wote wamelipa. Je, umedanganya? Mabilioni ya watu hawajalipa nauli ile. Lakini hakuna anayekushangaa, kwa kuwa wewe na konda mmekubaliana kimyakimya kwamba "mtu" maana yake ni aliyemo garini. Wanamantiki wanaliita hilo ulimwengu wa mazungumzo. Augustus De Morgan, mwanahisabati aliyezaliwa Madurai nchini India, aliliingiza neno ulimwengu katika mantiki kwa maana hiyo mwaka 1846, na George Boole akaliimarisha mwaka 1854. Kila sentensi yenye *wote*, *hakuna* au *kila* ina mpaka wake usioonekana, na ugomvi mwingi wa nyumbani ni wa watu wawili wenye mipaka tofauti. "Hakuna anayenisaidia humu!" Humu wapi? Tunaposema ulimwengu wa soka au ulimwengu wa taarabu, tunafanya kitu hicho hicho kwa sauti.

Nimeileta daladala kwa sababu wanaastronomia nao walishawahi kupanda gari moja na kugombana kuhusu nani yumo ndani.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 26 Aprili 1920, mjini Washington. Wanasayansi wawili wa Marekani, Harlow Shapley na Heber Curtis, walisimama mbele ya wenzao kujadili ukubwa wa ulimwengu. Shapley alikuwa amepima Njia Nyeupe na kupata upana wa miaka ya nuru 300,000. Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.5. Kwake yeye hicho ndicho kilichokuwa ulimwengu: Njia Nyeupe, basi. Yale mawingu yenye umbo la pia iliyo mbioni, yaliyoonekana kwenye darubini, aliyahesabu kuwa vitu vidogo vya pembeni. Curtis alikataa. Alisema Njia Nyeupe ni ndogo kuliko hapo mara kumi, na kila wingu la namna ile ni Njia Nyeupe nyingine. Aliyaita ulimwengu-visiwa, wazo ambalo mwanafalsafa Kant alikuwa amelitaja tangu 1755.

Litazame neno linavyoteseka katika mjadala ule. Kwa Shapley ulimwengu ni mmoja nao umejaa nyota. Kwa Curtis ulimwengu ni visiwa, na kisiwa chetu ni kimoja katika bahari tupu. Wanatumia neno moja, na kila mmoja ana gari lake. Ni kama mtu aliyezaliwa Mafia asiyewahi kuvuka maji, akiulizwa nchi ina ukubwa gani, akapima kutoka pwani mpaka pwani na kujibu kwa uaminifu kabisa.

Aliyeleta kamba ya kupimia alikuwa mwanamke aliyefanya kazi katika kituo cha kuangalia nyota cha Harvard, Henrietta Leavitt. Kwenye picha za Wingu Dogo la Magellan alizitafuta nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na mwaka 1912 alichapisha uhusiano alioukuta katika nyota 25 kati ya hizo: kadiri nyota inavyochukua siku nyingi kukamilisha zamu yake, ndivyo mng'ao wake halisi ulivyo mkubwa. Umuhimu wa jambo hilo anaujua yeyote aliyekaa ufukweni usiku wa giza akiwatazama wavuvi wa dagaa. Karabai zao zinalingana. Ile inayong'aa sana iko karibu. Ile iliyofifia kama kimulimuli iko mbali. Ukishajua taa ina nguvu gani, ufifu wake unakuambia umbali. Leavitt alikuwa ametufundisha kuzitambua karabai za mbinguni.

Usiku mmoja wa Oktoba 1923, juu ya Mlima Wilson huko California, Edwin Hubble alipiga picha ya wingu la Andromeda kwa darubini yenye kioo cha inchi 100, kubwa kuliko zote za wakati huo. Kwenye bamba la kioo aliweka alama ya N pembeni mwa nukta tatu, akidhani ni nyota zilizolipuka ghafla. Kisha akalinganisha na picha za zamani. Nukta mojawapo haikuwa imelipuka. Ilikuwa ikiwaka na kufifia. Akaikata ile N na kuandika VAR, kwa maana ya nyota inayobadilika, akatia alama ya mshangao. Bamba hilo lipo hadi leo, na mkato wa wino unaonekana. Zamu ya nyota ile ilikuwa siku 31 na kidogo. Kwa kamba ya Leavitt, hesabu ilitoa umbali wa karibu miaka ya nuru milioni moja, nje kabisa ya mpaka wowote ambao Shapley angeweza kuuchora. Leo tunajua ni milioni 2.5.

Hubble alimwandikia Shapley mnamo Februari 1924. Mwanafunzi aliyekuwepo Shapley alipoisoma barua, Cecilia Payne, yule yule ambaye mwaka uliofuata alionyesha kwamba nyota zimeundwa hasa kwa haidrojeni, alisimulia baadaye kwamba Shapley alimwambia barua hiyo ndiyo iliyouharibu ulimwengu wake.

*Ulimwengu wake.* Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Hakuna nyota hata moja iliyohama siku ile. Kilichobomoka ni mpaka wa neno. Baada ya hapo kile kilichokuwa ulimwengu mzima kikahitaji jina dogo zaidi, kikaitwa galaksi, na neno ulimwengu likapanda ngazi moja juu, kwenye jumla mpya.

Leo tumesimama kwenye ngazi nyingine. Ukisikia kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 na upana wa miaka ya nuru bilioni 93, tambua kwamba upana huo ni wa ulimwengu *unaoonekana* peke yake. Kiswahili kina neno zuri la kulieleza hili: upeo wa macho. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama ufukweni, upeo wake uko kama kilomita tano baharini. Ngalawa ikipita hapo, tanga linazama taratibu mpaka ncha. Bahari haijaisha; ni macho yaliyofika kikomo. Mvuvi aliye ndani ya ngalawa ile ana upeo wake mwenyewe, na katika duara lake sisi wa ufukweni ndio tuliotoweka. Ndivyo ilivyo angani. Kila galaksi ni kitovu cha duara lake, na duara letu lina nusu kipenyo cha miaka ya nuru bilioni 46 hivi.

Hapa wengi huuliza, na wana haki: nuru imesafiri kwa miaka bilioni 13.8, imewezaje kutuletea habari za kitu kilicho umbali wa bilioni 46? Kwa sababu njia ilikuwa inarefuka nyuma ya msafiri. Mtu aliyeondoka Dodoma kuja Dar es Salaam, barabara ikawa inanyooka na kurefuka kila anapopita, akifika ataambiwa Dodoma iko mbali kuliko masafa aliyoyatembea kwa miguu yake. Na zaidi ya upeo huo kuna nini? Vipimo vyetu havionyeshi ukingo wowote. Ulimwengu wote huenda ni mkubwa mno kuliko huu unaoonekana, huenda hata hauna mwisho. Kwa hiyo mwandishi anayeandika "ukubwa wa ulimwengu" bila kuongeza "unaoonekana" amerudia kosa la mtu wa Mafia, na katika vitabu vya shule kosa hilo tunalirudia mno.

Halafu kuna wanaotaka wingi. Mwaka 1957 Hugh Everett alipendekeza tafsiri ya fizikia ya atomu ambamo kila linaloweza kutokea linatokea, kila moja katika tawi lake. Katika miaka ya 1980 Andrei Linde na wenzake walionyesha kwamba upanukaji wa kasi wa mwanzo kabisa ungeweza kuzaa mapovu mengi yasiyohesabika, na letu likiwa mojawapo. Hakuna povu jingine lililowahi kuonekana. Lakini wazo lipo na vijana wanalikuta kwenye filamu, na mimi ninayeandika kwa Kiswahili nimekwama kabla hata ya kufika kwenye fizikia. Ulimwengu mmoja kati ya… nyingi? mingi? mengi? Malimwengu tumeshayatumia kwa mambo ya watu. Walimwengu ni watu wenyewe. Nimeona wengine wakiandika *maulimwengu*, na sikio langu linakataa.

Nadhani sikio linakataa kwa sababu nzuri. Neno lililoumbwa kubeba vyote halina pa kuweka cha pili. Na Curtis alishatuonyesha yanayotokea: wingi ulipojitokeza katika siku zake, visiwa vilipewa jina la galaksi na ulimwengu ukapanda juu ukabaki mmoja. Yakithibitika mapovu mengine, naamini itakuwa vivyo hivyo. Hili letu litapata jina dogo, labda litakalotungwa na mtoto aliye darasani sasa, na neno ulimwengu litahamia kwenye jumla yao.

Nilirudi kwenye shule ile mwezi Novemba, safari hii usiku, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu. Mawingu ya vuli yalikuwa yamepisha. Saa tatu tulitoka kwenda uwanja wa mpira, taa za bweni zikazimwa, tukasubiri macho yazoee giza. Upande wa kaskazini, kama nusu ya mwinuko wa anga, palikuwa na ukungu mdogo mrefu kidogo, Andromeda, ule ambao mwanaastronomia al-Sufi aliueleza kama wingu dogo katika kitabu chake cha nyota yapata mwaka 964. Nikawageuza wanafunzi kusini. Chini zaidi, juu ya michungwa, palikuwa na ukungu mwingine: Wingu Dogo la Magellan, la Leavitt. Yeye mwenyewe asingeweza kuliona kutoka Harvard, wala Hubble kutoka Mlima Wilson, kwani kule halichomozi. Picha zake zilipigwa Arequipa, nchini Peru. Sisi tulikuwa nayo yote mawili kwa saa moja, kila moja upande wake, na tulichohitaji ni kugeuza shingo.

Darubini ndogo ya mkononi ikapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Yule msichana wa dawati la nyuma aliishika muda mrefu kuliko wenzake, akiielekeza Andromeda.

"Mwalimu," akasema bila kuishusha, "kama huko kuna watu, nao ni walimwengu?"

Nikamwambia akumbuke Al-Fatiha, ambamo watafsiri wetu walipolikuta neno la Kiarabu *alamina*, lenye kumaanisha viumbe vya kila namna, waliandika *walimwengu wote*. Kwa Kiswahili hicho, nao wamo. Akanyamaza kidogo, kisha akamkabidhi darubini mwenzake na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kutazama.